Catalina za Kipevu na askari tuliowasahau

Wasee, sisi wa Laare bahari tunaionea kwa simu. Lakini hii story inatuhusu.

Mwaka wa 1942 Waingereza walileta ndege za Catalina Kipevu, Mombasa. Zilitua majini kama bata, na zingekaa angani zaidi ya saa 15 zikisaka nyambizi. Nyambizi ikiona ndege inazama, na ikiwa chini inaenda polepole, meli zinaipita.

Shida ni kwamba bahari ni kubwa na ndege zilikuwa chache. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani, I-27, ikaipiga. Ilizama kwa dakika mbili hivi. Karibu watu 1,300 walikufa, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Ndege imeandikiwa vitabu kibao. Hao askari je? Mimi nasema tuanzie nyumbani: waulize wazee wenu nani alienda vita hiyo na hakurudi. Andika jina lake leo, kabla mwenye kulikumbuka naye hajaenda.