Ungo katika karatasi ya zawadi

Mwaka 1975 Mmarekani Gary Dahl aliuza mawe. Mawe ya kawaida tu, kila moja kwenye kiboksi chenye matundu ya kupumulia na kijitabu cha malezi, kwa karibu dola 4. Watu waliyanunua kwa wingi, wakapeana Krismasi. Bidhaa ya aina hii Waingereza huihusisha na neno "gag", ambalo jukwaani lilikuwa maneno anayochomekea mwigizaji ili watu wacheke. Kwa Kiswahili wengi huandika "zawadi ya mzaha". Mimi naikataa nusu.

Ofisini kwetu Dar es Salaam, mwenzetu wa Sumbawanga alikuwa anakwenda likizo. Akakabidhiwa kifurushi cha duara kilichofungwa karatasi ya kumetameta. Kukichana, ungo! Mpya kabisa. "Nauli yako hiyo, mtani. Basi la nini?" Akaujaribu kichwani, akajibu: "Ahsante, mtani. Radi yako naituma saa saba mchana, jua likiwaka."

Simulizi inayopendwa hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni amri ya Kifipa: tupa uchawi. Basi Mfipa popote aendapo hutaniwa kwa radi na safari za usiku juu ya ungo, ingawa kwao ungo ni wa kupepetea ulezi na mahindi.

Jiwe la Dahl lilitoka dukani na kichekesho chake. Ungo hauna kichekesho. Kipo kati ya mtani na mtani. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, aliyeandika juu ya uhusiano huu wa utani mwaka 1940, alisisitiza kwamba anayetaniwa hatakiwi kukasirika. Lakini asiye mtani akikuletea ungo uleule, amekuita mchawi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 imeliweka hilo kati ya makosa. Vijijini vikongwe wameuawa kwa neno hilo. Huko hata mtani anyamaze.

Kwa hiyo kitu chenyewe, kiwe jiwe la kwenye boksi au mto unaojamba ukikaliwa, nakiita "kichekesho", wala mtengenezaji hahitaji kumjua mnunuzi. "Zawadi ya utani" naiwekea ile ambayo mpokeaji ana haki ya kuijibu.

Ungo wetu haukufika Sumbawanga. Unapepeta mchele Kimara, na mvua ya radi ikinyesha mtani hupiga simu kuuliza kama safari imeahirishwa.