Mto Uliowasha Viwanda: Historia ya Ukingo wa Nile Hapa Jinja

Wapendwa wanachama, na ninyi majirani mliotushika mkono kwa miaka hii 10, kamati iliona kijitabu hiki kisiwe cha hesabu za akiba na mikopo peke yake. Tuseme pia tulikotoka. Wengi wetu ni mabinti na wajukuu wa watu walioitwa Jinja na viwanda. Ndiyo maana hata mikutano yetu twaiendesha kwa Kiswahili, lugha iliyotufikia kupitia kambi ya askari, reli na geti la kiwanda.

Jina la Jinja latokana na mawe. Hapo ndipo maji ya ziwa yalipopita juu ya miamba na kuwa mto Nile. Mwingereza Speke alifika mwaka 1862 akayaita maporomoko hayo Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa kwao, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao tangu zamani.

Kazi ya kwanza ya mji ilikuwa bandari, viwanda vikaja baadaye. Kwa kuwa mto una maporomoko mengi, boti hazikuweza kushuka nao. Basi mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya kutoka Jinja mpaka Namasagali. Pamba ya nchi za Kyoga ilikuja Namasagali kwa meli, ikapanda treni hadi Jinja, ikapanda meli tena kuvuka ziwa hadi Kisumu, kisha treni mpaka Mombasa. Kila ilipobadilisha chombo, mabega ya watu yalipata kazi. Reli ya kutoka Kenya ilipofika Jinja mwaka 1928, na kuvuka Nile kwa daraja hadi Kampala mwaka 1931, mzigo uliweza kupita moja kwa moja. Waliofurahi ni wengi, lakini mchukuzi wa bandarini hakuulizwa.

Halafu likaja bwawa. Halmashauri ya umeme iliundwa mwaka 1948, na tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza akafungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale. Lilikuwa na nafasi ya mashine 10, kila moja ya kilowati 15,000. Maporomoko ya Ripon yakazama. Barabara kuu ya Kampala ikapita juu ya bwawa lenyewe, na ikaendelea hivyo mpaka daraja jipya lilipofunguliwa Oktoba 2018.

Umeme huo ndio uliovuta viwanda. Ng'ambo ya mto, Njeru, kikaota kiwanda cha nguo cha Nytil, na jirani yake kiwanda cha bia cha Nile. Upande wa Jinja ikayeyushwa shaba iliyoletwa na treni kutoka Kilembe, magharibi kabisa ya nchi. Familia ya Madhvani, waliokuwa na sukari yao Kakira, nao wakajenga viwanda vyao mjini. Walukuba zikajengwa nyumba za wafanyakazi. King'ora kikilia, mji mzima ulijua ni saa ngapi, shifti ipi inaingia na ipi inatoka.

Lakini tusijidanganye. Hata siku hizo za neema, mambo ya Jinja yaliamuliwa mbali. Umeme ulizidi mahitaji ya viwanda vilivyokuwapo, ukauzwa Kenya kwa mkataba wa 1955, na nyaya zikaanza kuupeleka huko mwaka 1958. Nyaya zilipita juu ya mapaa ya watu waliokuwa wakisoma kwa kibatari! Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya kwa maelfu. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke. Viwanda na maduka wakapewa wakubwa, askari na watu wao, wale tuliowaita "mafuta mingi". Spea zikakosekana, pamba ikaanguka mashambani, sabuni na sukari vikawa vya magendo. Mashine hazikunyamaza siku moja. Zilinyamaza moja moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata shaba ya Kilembe ilikuwa imesimama.

Sasa twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Mshahara wa kiwandani uliandikwa kwa jina la baba. Ulipokatika, nani alilisha nyumba? Ni mama aliyekuwa tayari pale getini na sufuria ya maharage, au na ndizi na mihogo. Ni yule aliyekwenda Masese kununua samaki wa kukaanga. Kazi hiyo iliitwa ya kujazia mshahara, kumbe ndiyo iliyobaki mshahara ulipokwisha. Ada ya shule ya wengi wetu ilitoka humo.

Baadaye mambo yalianza kurudi. Madhvani walirejea Kakira katika miaka ya 1980, na miaka ya 1990 serikali ikauza mashirika yake mengi. Viwanda vya sangara, tunaowaita mputa, vikafunguliwa kandokando ya ziwa. Navyo vikatikiswa pale Ulaya ilipozuia samaki wetu mwaka 1997 na 1999. Mwaka 2020 Jinja ikaitwa jiji. Twashukuru, ila ajira za shifti za zamani hazikurudi zote.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatusemi viwanda ni vibaya, la hasha! Kikifunguliwa kingine, watoto wetu waende. Tunasema tu kwamba geti hufungwa na mtu tusiyemjua, bali sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanazo wanachama watatu.

Ombi letu la mwisho. Vitabu vya viwanda viliandika majina ya waliopiga saa getini. Mama zetu waliouza chakula nje ya geti hilo hawamo. Mwenye picha, kadi ya kazi ya baba au kumbukumbu ya mama, ailete kwa katibu wetu tuiandike, maana wazee waliobaki ni wachache. Haba na haba hujaza kibaba.