Ndege za mabawa mawili katika delta ya Rufiji

Ndege za mabawa mawili katika delta ya Rufiji zilitumiwa na Jeshi la Majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hasa kati ya Novemba 1914 na Julai 1915. Kazi yao ilikuwa kuitafuta manowari ya Ujerumani SMS Königsberg iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji, na baadaye kuielekeza mizinga ya Waingereza iliyoiharibu. Eneo hilo leo ni sehemu ya wilaya za Kibiti na Rufiji, mkoa wa Pwani, Tanzania. Tukio hili ni kati ya mifano ya kwanza ya vita ambamo meli ilipigwa na mizinga ya wapigaji wasioweza kuiona, wakitegemea taarifa za ndege pekee.

Mazingira

Kabla ya kuingia Bahari Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia, mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi. Ardhi kati ya mikono hiyo ni tope lililofunikwa na msitu wa mikoko, mmojawapo wa mikubwa zaidi katika Afrika ya Mashariki. Kina cha maji hubadilika kwa kujaa na kupwa, na meli kubwa haiwezi kupita isipokuwa kwenye mikono michache.

Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baada ya hapo mitambo yake iliharibika, ikarudi deltani na kujificha karibu na Salale. Vipuri vilivyohitaji matengenezo vilikokotwa na wafanyakazi Waafrika kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam na kurudishwa tena. Ufukwe ulilindwa na askari waliochimba mahandaki kati ya mikoko.

Meli HMS Chatham iligundua maficho hayo tarehe 30 Oktoba 1914. Hata hivyo manowari za Waingereza zilihitaji kina kikubwa cha maji, kwa hiyo hazikuweza kuingia ndani. Kutoka baharini mabaharia hawakuona kitu ila ukuta wa miti. Njia iliyobaki ilikuwa kutazama kutoka juu.

Ndege za kwanza

Ndege ya kwanza ilikuwa ndege ya maji aina ya Curtiss. Rubani wake, Dennis Cutler, alikuwa raia aliyeajiriwa kutoka Durban, Afrika Kusini. Rejeta ya injini ilipoharibika, nyingine ya gari la Ford ililetwa kutoka Mombasa na kufungwa mahali pake. Mnamo Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg na kuthibitisha mahali ilipokuwa. Tarehe 10 Desemba alilazimika kutua mtoni akakamatwa na Wajerumani, lakini Waingereza waliweza kuiokoa ndege yenyewe.

Februari 1915 zilifika ndege mbili za maji aina ya Sopwith pamoja na rubani John Tulloch Cull. Hazikufaa. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, na injini nayo hutoa nguvu pungufu. Tena gundi iliyounganisha vipande vya mbao ililegea kwa joto na unyevu. Ndege iliyoruka vizuri Uingereza ilishindwa hapa kunyanyuka majini ikiwa imebeba mtu wa pili au mabomu.

Ndege tatu aina ya Short zilifuata mwezi Aprili. Zilipaa kidogo zaidi, ingawa bado zilipita chini kiasi cha kufikiwa na risasi za bunduki. Tarehe 25 Aprili 1915 moja ilifanikiwa kupiga picha za Königsberg.

Kituo cha Mafia

Mafia ilitekwa na Waingereza mnamo Januari 1915. Kisiwa hicho kiliwapa walichokosa awali, yaani ardhi kavu karibu na delta. Uwanja ulisafishwa, na mwezi Juni zilifika ndege nne za magurudumu: mbili aina ya Caudron G.III na mbili aina ya Henri Farman. Kwa kuwa hazikubeba maboya mazito ya kutulia majini, zilipaa juu zaidi. Mifupa ya Farman ilikuwa ya chuma badala ya mbao, hivyo ilivumilia hali ya hewa ya pwani. Injini na rafadha yake vilikuwa nyuma, na mtazamaji aliyekaa mbele aliona chini bila kizuizi.

Meli mbili, Severn na Mersey, zilivutwa kutoka Malta hadi Mafia. Ziliundwa kwanza kwa ajili ya Brazili ili zitumike katika mto Amazon, kwa hiyo zilielea katika maji ya kina kidogo.

Mapigano ya Julai 1915

Utaratibu ulikuwa huu: meli ilipiga kombora kupita juu ya msitu, mtazamaji ndani ya ndege aliona lilipoangukia, kisha alituma kwa simu ya upepo alama fupi za kueleza kama limepita, limepungukiwa, au limekwenda upande. Wapigaji walirekebisha mzinga na kupiga tena. Wajerumani nao walikuwa na watazamaji wao kwenye miti ya delta.

Shambulio la tarehe 6 Julai halikufaulu. Makombora zaidi ya 600 yalipigwa, machache tu yakalenga. Meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji alishindwa kujua kombora lipi ni la nani. Königsberg ilijibu kwa shabaha nzuri, na Mersey ilipigwa.

Tarehe 11 Julai kosa hilo halikurudiwa; meli zilipiga kwa zamu. Cull aliendesha Farman, na mtazamaji wake alikuwa Harwood Arnold kutoka Kanada. Ndege ilipigwa na injini ikazimika. Wakati ikishuka, Arnold aliendelea kutuma marekebisho hadi makombora ya Severn yakaanza kulenga. Ndege iliangukia mtoni, na boti ya Mersey ikawaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo Looff aliamuru meli yake ilipuliwe. Cull na Arnold walitunukiwa nishani ya DSO.

Mizinga yote 10 ya Königsberg ilitolewa majini na kutumiwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck kwenye nchi kavu. Mmojawapo unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa.

Delta iliendelea kuwa hatari kwa marubani. Januari 1917 ndege ya maji ya Edwin Rowland Moon ilishindwa kuendelea ikatua humo. Mwenzake, afisa Richard Bridgeman, alifariki, na Moon akachukuliwa mateka.

Kutoka ndege za vita hadi ndege za mafunzo

Mabawa mawili yaliyofungwa pamoja kwa nguzo na waya yaliwezesha ndege nyepesi yenye injini dhaifu kuwa imara na kuruka polepole. Sifa hizo ziliwafaa pia wanafunzi. Caudron G.III yenyewe ilitumiwa sana kufundishia marubani, na baada ya vita mtindo wa mabawa mawili ulitawala shule za urubani kwa karibu miaka 20.

Mfano uliojulikana zaidi Afrika ya Mashariki ni De Havilland Moth, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1925. Ilikuwa na viti viwili, mwanafunzi na mwalimu kila mmoja akiwa na usukani wake, na mabawa yake yalikunjwa ili iingie katika banda dogo. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi kwa ndege moja ya aina hiyo. Rubani wake mkuu, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kuruka. Tiger Moth, iliyotokana na Moth, iliruka kwanza mwaka 1931 na kufundishia maelfu ya marubani katika Vita Kuu ya Pili.

Kufikia mwaka 1937 ndege kubwa za maji za Imperial Airways, zenye bawa moja, zilikuwa zinatua Dar es Salaam na Lindi, zikifuata pwani ileile ambako miaka 22 nyuma ndege za Mafia zilipambana na joto ili zipae. Mabaki ya Königsberg yaliendelea kuonekana Rufiji kwa miongo kadhaa kabla ya kumezwa na tope.