Ushauri Unaohesabu Vifo Vyake: Wenye Paka na Dawa Isiyo na Leseni

Mjadala kuhusu ushauri wa tiba ambao wenye paka na mbwa hupeana wao kwa wao umekwama kwenye swali moja: nani ana haki ya kusema. Madaktari wa wanyama walio wengi hujibu kwa kutaja shahada na sheria. Wafugaji nao hujibu kwa kutaja ukaribu, kwamba anayeishi nyumba moja na mnyama ndiye wa kwanza kujua kuwa leo hakumaliza chakula chake. Majibu yote mawili yana ukweli, lakini hayatusaidii kutenganisha ushauri unaoponya na ule unaoua, kwa kuwa mwenye shahada huweza kukosea na asiye nayo huweza kupatia. Ninadai katika makala hii kwamba kipimo kinachofaa kiko kwingine. Ushauri wa wafugaji hugeuka kuwa maarifa pale unapokuwa na njia ya kuwasikia wale walioufuata na wanyama wao wakafa. Usipokuwa na njia hiyo hubaki uvumi, hata ukitolewa kwa nia njema, na hata ukipatia mara nyingi. Kesi nitakayoitegemea zaidi ni ya ugonjwa wa paka unaojulikana kwa kifupi cha FIP, kwa sababu humo wafugaji walitangulia mbele ya taaluma kwa miaka kadhaa, na humohumo mipaka yao ikaonekana wazi.

FIP huletwa na virusi vya korona vya paka. Virusi hivi ni vya kawaida mno, hasa pale paka wengi wanapoishi pamoja na kutumia mchanga mmoja wa choo. Kwa kawaida huishia kwenye utumbo na kusababisha kuharisha kidogo au kutosababisha lolote. Kwa paka wachache, wengi wao wakiwa wachanga, virusi hubadilika ndani ya mwili, huingia kwenye chembe za kinga na kusambaa. Tumbo au kifua hujaa majimaji ya rangi ya manjano, au macho na ubongo hushambuliwa, na paka hukonda huku homa isikubali dawa yoyote. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1963, na kwa zaidi ya nusu karne baada ya hapo daktari aliyeutambua hakuwa na la kumwambia mwenye paka isipokuwa kumshauri amlaze mnyama wake usingizi wa kudumu. Hali ilibadilika pale Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipochapisha mwaka 2019 matokeo ya kutumia kemikali iitwayo GS-441524 kwa paka 31 waliougua kiasili. Paka watano walikufa au walilazwa mapema. Waliobaki 26 walimaliza wiki 12 au zaidi za sindano, na 25 kati yao wakaishi muda mrefu, ingawa wengine walirudiwa na ugonjwa na kuhitaji kutibiwa tena. Kwa ugonjwa ambao kuutaja kulikuwa sawa na kutamka kifo, matokeo hayo yalikuwa makubwa kupita kiasi.

Dawa yenyewe haikufika dukani. GS-441524 ni ndugu wa karibu wa remdesivir, dawa ambayo ulimwengu mzima uliijua wakati wa UVIKO-19, na kampuni ya Gilead Sciences iliyokuwa na haki juu yake haikuipeleka kwenye usajili wa dawa za wanyama. Ikawa tiba imeandikwa katika jarida la kitaaluma, dozi imetajwa, muda umetajwa, na daktari wa paka hana ruhusa ya kuiandika. Pengo hilo lilizibwa na watengenezaji wa China waliouza vichupa na vidonge kwa magendo, pamoja na wafugaji waliojipanga katika mitandao ya nchi mbalimbali. Walifundishana kuchoma sindano chini ya ngozi, kukokotoa dozi kwa uzito, kupanda dozi ugonjwa ulipofika machoni au kwenye ubongo, kusoma vipimo vya damu, na kuazimana vichupa pale mzigo ulipochelewa forodhani. Wengi wao hawakuwahi kushika bomba la sindano kabla ya hapo.

Je, walikuwa sahihi? Utafiti wa maswali uliochapishwa mwaka 2021 uliwahoji wafugaji 393 waliotibu paka nyumbani kwa dawa hizi zisizo na leseni, na asilimia 96.7 ya paka wao walikuwa hai. Namba hiyo isichukuliwe kama ilivyo. Waliojibu walipatikana kupitia mitandao ileile ya wafugaji, na mtu aliyemzika paka wake siku ya nne hujiondoa kwenye kundi, au hukosa moyo wa kujaza dodoso. Sauti ya aliyefiwa ndiyo inayopotea kwanza katika kila mkusanyiko wa ushauri. Hata hivyo, kuna sababu ya kutoitupa namba hiyo. FIP isiyotibiwa ilikuwa ikiua karibu kila paka. Kwa hiyo hata ukikisia kwamba waliofiwa na kunyamaza walikuwa wengi mara kadhaa kuliko waliosema, bado wanabaki paka hai ambao uhai wao hauelezeki bila dawa. Kisha, katika mwaka huohuo, timu ya Chuo Kikuu cha Munich ilichapisha utafiti ambamo ilichukua bidhaa ya vidonge iliyokuwa ikizunguka miongoni mwa wafugaji ikawapa paka 18 chini ya uangalizi wa hospitali. Wote walipona. Hapa mwelekeo wa kawaida wa elimu uligeuka: maabara ilikwenda kuthibitisha kile ambacho wafugaji walikuwa wakikifanya sebuleni.

Nasisitiza kwa nini ilitokea hivyo, maana ni rahisi kuifanya hadithi hii kuwa sifa kwa hekima ya umma. Wafugaji hawakuibuni dawa. Waliianza kazi wakiwa na kemikali iliyokwisha kujaribiwa na muda wa tiba uliokwisha kuchapishwa. Walikuwa na ugonjwa ambao mwisho wake bila tiba ulijulikana, hivyo kupona kulionekana kwa macho. Na waliandika. Mitandao iliyosimamiwa vizuri ilimtaka kila mwenye paka kutaja uzito, joto la mwili, dozi ya kila siku, jina la bidhaa na majibu ya damu, na kumfuatilia paka kwa siku nyingine 84 baada ya tiba kwisha ili kuona kama ugonjwa unarudi. Paka aliyekufa akiwa katikati ya tiba aliacha kumbukumbu. Kasoro zilikuwapo, lakini kulikuwa na daftari, na daftari ndilo lililoutenganisha ushauri huu na maneno ya jirani anayesema dawa fulani ilimponya paka wa shangazi yake.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo daftari hilo halikuweza kuyaona, na yote mawili yana uzito katika hoja yangu. Jambo la kwanza ni kilichokuwa ndani ya kichupa. Bidhaa hizo zilipopimwa baadaye katika maabara, iligundulika kwamba nyingi mno zilikuwa na kiasi cha dawa tofauti na kilichoandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kikiwa kikubwa zaidi. Maana yake ni kwamba dozi iliyokubaliwa na maelfu ya watu ilikuwa dozi ya kibandiko. Ilifanya kazi kwa bidhaa ile, na haikuweza kuhamishwa kwa usalama kwenda kwa bidhaa nyingine, achilia mbali kwenda kwa dawa halali ambayo kibandiko chake kinasema kweli. Jambo la pili ni zile siku 84 za tiba yenyewe. Wiki 12 za utafiti wa mwaka 2019 zilishikwa na wafugaji kama sharti lisiloguswa, kwa sababu inayoeleweka: nani angethubutu kumsitishia paka wake dawa mapema ili tu kuona kitakachotokea? Mwaka 2024 timu ya Munich ilifanya kile ambacho mfugaji hawezi kukifanya. Paka 40 wenye majimaji mwilini waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatibiwa siku 84 na nusu siku 42, na paka 38 walipona bila tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kwa paka wa aina hiyo, basi, nusu ya sindano, nusu ya gharama na nusu ya usiku wa mashaka vingeweza kuepukwa. Hakuna wingi wa ushuhuda wa wafugaji ambao ungelifichua jambo hilo, maana ushuhuda wa aliyefuata sharti na kufanikiwa hauwezi kuonyesha kwamba sharti lilizidi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya msimamo wangu linatoka kwa wanasheria wa taaluma. Wanasema kwamba kuyaita haya maarifa ni kuhalalisha biashara ya magendo na kumpa kila mtu ruhusa ya kudunga sindano zisizopimwa, na kwamba sheria za dawa zipo kwa sababu ya watu waliokufa kabla hazijatungwa. Nakubaliana na historia hiyo, lakini katika kesi hii katazo halikumzuia mtu kutibu. Lilimzuia daktari kuwapo. Mwenye paka aliyeambiwa hakuna la kufanya alikwenda kutibu nyumbani, na mara nyingi hospitali iliyoogopa leseni yake haikutaka hata kusoma naye majibu ya damu. Uingereza ilifungua njia halali mwaka 2021 kwa kuruhusu dawa iliyochanganywa maalumu na mtengenezaji mwenye leseni. Kisiwa cha Kupro, kilipokumbwa na mlipuko mkali mwaka 2023, kiliruhusu paka wapewe vidonge vya molnupiravir vilivyobaki kwenye akiba ya UVIKO-19 ya binadamu. Marekani ilisubiri hadi mwaka 2024, ambapo mamlaka yake ya dawa, FDA, ilitangaza kwamba haitawachukulia hatua wanaotumia GS-441524 iliyochanganywa na famasia kwa maagizo ya daktari. Miaka mitano ilipita kati ya chapisho la Davis na tangazo hilo, na katika miaka hiyo mzigo wa usalama ulibebwa na watu wasio na maabara. Anayelaumu hatari yao alipaswa kwanza kuwapimia vichupa.

Pingamizi la pili naliona kuwa na nguvu kuliko la kwanza: kwamba nimechagua kesi inayonifaa. Ushauri mwingi unaozunguka kati ya wenye paka na mbwa haufanani na wa FIP hata kidogo. Paka akiwa na homa, mtu humwambia mwenzake ampe kipande cha parasetamoli, kwa sababu mtoto hupewa na hupona. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Sumu inayobaki huharibu chembe nyekundu za damu, himoglobini hushindwa kubeba oksijeni, fizi hugeuka rangi ya udongo, uso huvimba, na kidonge kimoja cha kawaida cha binadamu chaweza kumuua paka mzima. Nakubali kwamba kesi za namna hii ni nyingi. Lakini ziangalie kwa kipimo nilichokiweka. Homa ya paka mara nyingi hupoa yenyewe, kwa hiyo aliyetoa dozi ndogo na paka akanusurika huhesabu ushindi usio wake. Aliyempoteza paka hudhani homa ndiyo iliyoua. Hakuna mahali ambapo vifo hivyo hukusanyika vikaonekana pamoja. Ushauri wa parasetamoli huendelea kuishi kwa sababu waathirika wake hawahesabiwi, na hapo nadharia yangu haijavunjika hata kidogo.

Ushahidi wa upande wa pili, pale waathirika wanapohesabiwa, unatoka kwenye zabibu. Kituo cha sumu za wanyama cha shirika la ASPCA nchini Marekani hupokea simu za wafugaji na madaktari na kuziingiza kwenye kumbukumbu moja. Kutokana na simu hizo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitambuliwa kwamba mbwa waliokula zabibu, mbichi au kavu, walikuwa wakiharibikiwa figo, jambo ambalo vitabu havikulitaja na ambalo mwenye mbwa mmoja asingeligundua, kwa sababu mbwa wengi hula zabibu bila kudhurika. Chanzo kilibaki fumbo kwa takriban miaka 20. Mwaka 2021 wataalamu wa kituo hicho walipendekeza kwamba mkosaji ni asidi ya tartariki, baada ya mbwa waliokula unga wa krimu ya tartari kupatwa na madhara yaleyale. Aliyeona alikuwa mfugaji, aliyehesabu alikuwa kituo, na aliyeeleza alikuwa mtaalamu wa sumu.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kwetu daktari wa mifugo kwa sehemu kubwa ni daktari wa ng'ombe na kuku, na mwenye mbwa au paka hununua dawa kwenye duka la dawa za mifugo kwa maelekezo ya muuzaji na ya mwenye mbwa mwingine. Humo huuzwa dawa za kupe za jamii ya pirethroidi ambazo ng'ombe huzivumilia, ilhali paka aliyepakwa huanza kutetemeka, hupata degedege na huweza kufa. Kupiga marufuku mazungumzo ya dukani hakuwezekani, na wito wa kwenda kwa daktari ambaye yuko wilaya nyingine ni wito mtupu. Kinachowezekana ni daftari: muuzaji kuandika mnyama gani alipewa nini, kwa uzito gani, na kupiga simu baada ya wiki kuuliza kilichotokea, kisha ofisi ya mifugo ya wilaya ikusanye majibu hayo kila mwezi na kuyatuma Kabete au Morogoro, ambako vyuo vyetu vya udaktari wa mifugo vina watu wa kuyasoma. Gharama yake ni ndogo. Ugumu wake uko katika kumpata aliyefiwa na kumfanya aseme, na hilo halitawezekana ikiwa swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini alijitibia mwenyewe.