Wazee wa Tanuru: Ufundi wa Chuma Ulivyorithishwa Buhaya

Wengi wetu tuliozaliwa Buhaya tumekanyaga mavi ya chuma bila kujua. Yale mapande meusi, mazito, yenye matundu, ambayo jembe huyaibua tukichimba shimo la mgomba, ni masalia ya matanuru ya wazee wetu. Utotoni tuliyatupa pembeni ya kibanja, tukaendelea na kazi.

Aliyeyatazama kwa makini ni Mmarekani Peter Schmidt, mwanaakiolojia aliyefika kwetu mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini waliomwonyesha pa kuchimba ni wazee. Walimpeleka Katuruka, Wilaya ya Bukoba, kwenye mti wa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma, palipohusishwa na Mukama Rugomora Mahe. Chini ya ardhi yalikutwa mabaki ya kazi ya chuma ya zamani kuliko Mukama huyo, ya takriban miaka elfu mbili. Masimulizi ya mdomo yalikuwa yametunza jambo ambalo hakuna karatasi iliyolitunza.

Sasa, kutunza jina la mahali ni jambo moja. Kutunza namna ya kuifanya kazi yenyewe ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapoomba ndugu zetu msome taratibu.

Mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kama zamani. Kazi hiyo ilikuwa imesimama kwa karibu miaka 50. Chuma na majembe kutoka Ulaya yalikuwa yameingia kwa bei ambayo tanuru halikuweza kushindana nayo, na vijana wakaacha kwenda kwa mafundi. Kwa hiyo wazee walioitwa mwaka 1976 walikuwa ndio wanagenzi wa mwisho: walioifanya kazi hiyo wakiwa vijana.

Majaribio ya mwanzo yalikwama. Si kwamba wazee walikuwa wamesahau kila kitu. Tatizo ni kwamba ufundi ule haukuwahi kukaa kwenye kichwa kimoja. Huyu alikumbuka makaa, yule mivukuto ya ngozi ya mbuzi, mwingine udongo. Ilibidi wakae pamoja, wabishane, wavunje na kujenga tena, hadi vipande vya kumbukumbu vikaungana. Walijenga kuta kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Walichoma matete ya bwawani juu ya shimo, mkaa wake ukajaa chini. Waliyachoma mawe ya chuma kabla ya kuyaingiza tanuruni, na mirija ya udongo ya kupitishia hewa wakaiingiza ndani kabisa ya tanuru. Hatimaye chuma kilitoka.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science. Schmidt na Avery walidai kuwa mirija ile ilipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, na hivyo joto kupanda mno. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Sisi si wahandisi. Linalotugusa ni kwamba bila wale wazee kusingekuwa na cha kubishania.

Kuna upande ambao huwa hatuupendi kuusema. Kazi ya tanuru ilizungukwa na miiko na dawa, na si kila mtu aliruhusiwa kuikaribia. Usiri huo ulilinda heshima ya fundi, na bila shaka ulilinda bei pia (mhasibu hawezi kuacha kuliona hilo). Lakini ulifanya idadi ya waliojua iwe ndogo. Soko lilipokufa, hapakuwa na akiba. Na kijana hakuwa na njia nyingine ya kujifunza: udongo hupimwa kwa kiganja na moto kwa rangi, huku fundi akiwa amesimama pembeni na kazi ikiendelea. Kazi isipokuwapo, hakuna somo.

Schmidt aliporudi Katuruka miaka ya 2000, wengi wa waliotunza masimulizi walikuwa wameshafariki. Ukimwi ulikuwa umepita kwetu, tunajua wote.

Ndiyo maana katika bajeti ya harambee ya mwaka huu mtaona fungu la posho ya mafundi wazee: wahunzi, maseremala na wajenzi wa msonge. Baadhi ya wajumbe walihoji kwa nini fedha hizo zisinunue mabati ya zahanati. Ni hoja ya haki, na fungu la zahanati halijaguswa. Ila mabati yatakuwapo dukani hata mwakani. Kila fundi atapewa vijana wawili na kazi halisi ya kufanya, yenye mteja, si maonyesho. Malipo yatatolewa kazi ikikamilika, kwa saini ya fundi na ya vijana wenyewe, na hesabu zitasomwa kwenye mkutano mkuu.

Mzee mmoja wa kuezeka msonge ameshakubali kuanza masika yakiisha. Anachotaka ni vijana wasiochoka kukata nyasi, na nauli ya kwenda bondeni.