Seti fazi na seti rafu

Seti fazi na seti rafu ni nadharia mbili za hisabati zilizobuniwa kwa ajili ya mambo yanayokataa kugawanywa kwa ndiyo na hapana. Ya kwanza ilitolewa na Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1965. Ya pili na Zdzisław Pawlak wa Poland mwaka 1982. Kwa kuwa hutajwa pamoja, wengi huzidhania kuwa ni nadharia moja yenye majina mawili. Dhana hiyo inapoteza jambo la thamani kuliko yote katika kazi za mabwana hawa wawili: kila mmoja aligundua aina yake ya kutojua. Zadeh alishughulikia dhana ambazo zenyewe hazina mpaka. Pawlak alishughulikia dhana ambazo huenda zina mpaka kamili, lakini taarifa tulizonazo hazitoshi kuuona.

Katika seti ya kawaida, ile iliyoasisiwa na Georg Cantor katika karne ya 19, kila kitu ama kimo ama hakimo. Kwenye seti ya namba tasa, 17 imo na 18 haimo, hakuna mjadala. Tatizo huanza pale tunapotaka kuunda seti ya watu warefu, au ya siku za mvua kubwa.

Seti fazi

Tuchukue mvua. Mtu asiyejua kama kesho itanyesha anahitaji hesabu za uwezekano, kwa sababu tukio lenyewe liko wazi na kinachokosekana ni habari za kesho. Sasa chukua mvua iliyokwisha kunyesha, ikapimwa, ikawa milimita 30. Hakuna kilichofichika tena. Hata hivyo swali la kama mvua hiyo ilikuwa kubwa bado halina jibu moja, na kuipima upya hakutasaidia. Hapo ndipo seti fazi inapoingia.

Zadeh alipendekeza kwamba kila kitu kipewe kiwango cha umemba, yaani namba kuanzia 0 hadi 1. Tukikubaliana kwamba mvua ya milimita 10 au pungufu si kubwa hata kidogo, kwamba ya milimita 50 au zaidi ni kubwa bila shaka, na kwamba katikati kiwango kinapanda sawasawa, basi ile ya milimita 30 ni memba wa seti ya mvua kubwa kwa 0.5. Muungano wa seti mbili hupatikana kwa kuchukua kiwango kikubwa kati ya viwili, makutano kwa kuchukua kidogo, na kijalizo kwa kutoa kiwango kutoka 1. Matokeo yake yanagusa mzizi wa mantiki: mvua yetu ni kubwa kwa 0.5 na si kubwa kwa 0.5, na kanuni ya tangu enzi za Aristotle, kwamba jambo ni kweli au si kweli bila njia ya tatu, haishiki tena.

Kiwango cha 0.5 kisisomwe kama uwezekano wa nusu kwa nusu. Hakisemi kwamba tukirudia siku hiyo mara nyingi, nusu yake mvua itakuwa kubwa. Kinasema tu jinsi milimita 30 zinavyolingana na maana tuliyoipa dhana ya mvua kubwa.

Zadeh alizaliwa Baku mwaka 1921, akakulia Tehran, kisha akahamia Marekani, ambako alijijengea jina katika nadharia ya mifumo kabla hajachapisha makala yake ya 1965. Wazo hilo halikupokelewa kwa shangwe. Rudolf Kalman, bingwa wa nadharia ya udhibiti, alilikosoa hadharani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wanatakwimu wengi waliona kwamba uwezekano unatosha kwa kila aina ya mashaka. Hoja yao moja ilikuwa na uzito, na ina uzito hadi leo: nani anaamua kwamba mvua kubwa huanzia milimita 10 na si 15?

Jibu lililowashawishi wahandisi lilitoka kwenye mtambo. Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasoma uhandisi India na kuendelea Uingereza, alikuwa akifundisha Queen Mary College, London. Yeye na mwanafunzi wake Seto Assilian walijaribu kuendesha injini ndogo ya mvuke bila kuandika milinganyo ya tabia yake. Injini ya namna hiyo ni sumbufu: presha ya boila na mwendo wa injini huathiriana, na mtambo hubadilika tabia kadiri unavyofanya kazi. Fundi mzoefu huimudu kwa kanuni za maneno tu, mfano: ikiwa presha iko chini kidogo na haipandi, ongeza moto kidogo.

Mamdani na Assilian walizichukua kanuni hizo kama zilivyo. Presha inapopimwa, kila kanuni huamka kwa kiasi kinacholingana na kiwango cha umemba cha kipimo hicho. Hivyo kanuni mbili au tatu zinaweza kusema kwa pamoja, moja kwa nguvu na nyingine kwa unyonge. Majibu yao, yakiwa yamepunguzwa kwa kadiri ya nguvu hiyo, huunganishwa kuwa umbo moja, na kutoka kwenye umbo hilo hutolewa namba moja ya kupeleka kwenye mtambo. Njia iliyozoeleka leo ni kutafuta kitovu cha umbo. Makala zao za 1974 na 1975 ndizo msingi wa kile kinachoitwa hadi sasa mbinu ya Mamdani, na mwanafunzi yeyote anayefungua programu ya udhibiti fazi atalikuta jina hilo. Ni haki wasomaji wa Afrika Mashariki walijue pia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Nchini Denmark mbinu hiyo ilitumika kuendesha matanuri ya saruji. Nchini Japani, treni za chini ya ardhi za mji wa Sendai zilianza kazi mwaka 1987 zikiwa na mfumo fazi wa kampuni ya Hitachi wa kuongeza mwendo na kufunga breki, na mashine za kufulia na kupikia wali zikafuata.

Seti rafu

Pawlak, mzaliwa wa Łódź mwaka 1926 na mmoja wa waliojenga kompyuta za mwanzo za Poland, alianzia kwenye jedwali. Kila mstari ni kitu, kila safu ni sifa. Vitu viwili vyenye sifa zilezile havitofautiki, hata kama kwa hakika ni tofauti.

Tuseme zahanati imeandika habari za wagonjwa sita kwa sifa mbili tu, homa na kutetemeka, na baadaye darubini ikathibitisha nani ana malaria. Huu ni mfano wa hesabu, si mwongozo wa tiba. Wa kwanza na wa pili wana homa na wanatetemeka. Wote wana malaria. Wa tatu na wa nne wana homa bila kutetemeka; wa tatu ana malaria, wa nne hana. Wa tano na wa sita hawana dalili yoyote kati ya hizo, wala malaria.

Kwa sifa hizo mbili, wenye malaria bila shaka ni wa kwanza na wa pili. Hao ndio ukadirio wa chini. Wanaoweza kuwa nayo ni hao pamoja na wa tatu na wa nne. Huo ni ukadirio wa juu. Tofauti kati ya makadirio hayo, yaani wa tatu na wa nne, ni eneo la mpaka, na seti yenye eneo hilo huitwa rafu. Usahihi wake ni 2 kugawanya kwa 4, yaani 0.5. Namba ni ileile tuliyoipata kwenye mvua, lakini maana yake ni nyingine kabisa. Hapa kila mgonjwa ama anaumwa malaria ama haumwi, na darubini imesema. Kilichopungua ni safu za jedwali. Ongeza kikohozi, na kama wa tatu hakohoi ilhali wa nne anakohoa, mpaka unafutika.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba haihitaji mtu kuchora viwango vya umemba wala kukisia uwezekano. Kila kitu hutoka kwenye data. Kwa hiyo inajibu kwa namna yake lile swali la nani anaamua. Huruhusu pia kazi ya kinyume: kuondoa safu ambazo hazisaidii kutofautisha, hadi ibaki seti ndogo ya sifa inayotenganisha vitu sawasawa na jedwali zima. Mahali ambapo kila kipimo kina gharama, faida yake ni dhahiri. Ugumu ni kwamba kutafuta seti iliyo ndogo kuliko zote ni tatizo ambalo halina njia ya haraka inayojulikana. Jedwali likiwa na safu nyingi, programu huridhika na jibu la karibu.

Didier Dubois na Henri Prade wa Toulouse walionyesha mwaka 1990 kwamba nadharia hizi zinaweza kukaa nyumba moja. Katika seti rafu-fazi, jedwali ni la Pawlak lakini dhana inayokadiriwa ina viwango: ukadirio wa chini wa kundi la wasiotofautika ni kiwango kidogo kuliko vyote ndani ya kundi hilo, na wa juu ni kile kikubwa. Zahanati yetu ikitafuta wagonjwa mahututi badala ya wenye malaria, itahitaji nadharia zote mbili, kwa kuwa umahututi una ngazi na jedwali nalo bado ni fupi.