Kuzama, Kuzamia, Kuzamisha

Mwaka 1985 kampuni ya MicroProse ya Marekani ilitoa Silent Service, mchezo wa kompyuta uliobuniwa na Sid Meier. Mwaka 1989 ukaingia kwenye Nintendo kwa kazi ya Rare, kampuni ya Uingereza. Mchezaji ni nahodha wa nyambizi ya Marekani anayewinda meli za Japani katika Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kuusimulia kwa Kiswahili, kitenzi kimoja kinakaribia kutosha: zama.

Meli iliyotobolewa inazama, haikupenda. Nyambizi inazamia, na kile kiambishi kidogo -i- kinaleta nia, maana mzamiaji ana anachokifuata, iwe lulu au maisha ya ng'ambo. Nahodha hodari anazamisha. Akizembea, anazamishwa.

Lenyewe neno nyambizi linatukumbusha kupiga mbizi, na apigaye mbizi hutarajiwa kuibuka. Kimombo kimekipa chombo hiki jina la mahali, chini ya bahari. Sisi tunasikia tendo. Kwa nyambizi za enzi zile, tendo ndilo lililo karibu na ukweli. Chini zilikwenda kwa betri, na betri zilichajiwa kwa injini za dizeli zenye kuhitaji hewa. Muda mwingi wa safari zilikuwa juu ya maji.

Mchezaji anayechagua ugumu zaidi hukadiria mwenyewe pembe ya omo ya meli adui kabla ya kufyatua. Hapa msamiati wa majahazi unafaa kuliko "mbele" na "nyuma", ambazo hutegemea asimamapo msemaji. Omo ni omo, tezi ni tezi, popote utazamapo. Joshi na demani, pande zinazotajwa kwa upepo, hazina kazi huko chini.

Ugumu mwingine ni topido lisilolipuka, na huo haukubuniwa. Mwaka 1942 Wamarekani walirusha matopido ya Mark 14 kwenye nyavu huko Albany, Australia, wakakuta yanapita zaidi ya mita 3 chini ya kina kilichopangwa. Hata vilipuzi vyake vilikuwa na kasoro. Basi topido lilizama badala ya kuzamisha. Tofauti ni kiambishi -ish- tu, na wanamaji wale walikidai kwa wakubwa wao wa silaha mpaka mwaka 1943 ukielekea ukingoni.